Mama Maabara na Swali la Dirishani

Watu wa mtaa wetu wa Mfaranyaki, hapa Songea, walimwita Mama Maabara, na mimi sitamwita vinginevyo. Alifanya kazi miaka mingi katika maabara ya hospitali moja ya misheni, akipokea wagonjwa kwenye kidirisha kidogo chenye wavu, akiwachoma vidole na kuandika majibu. Alipostaafu, jina lilimfuata nyumbani. Wengine walijaribu kumwita mganga kwa sababu ya bustani yake, naye aliwakata palepale: "Mganga anajua. Mimi ninapima."

Sasa amerudi kwao Namasakata, kwa ndugu zake, na nyumba yake ya hapa mjini wanakaa wapangaji. Nikipita pale na kuona ua wake umefyekwa na kupandwa mahindi, namkumbuka kama vile nimesikia sauti yake.

Mimi ni katekista mstaafu. Nimeishi na ugonjwa wa sukari muda mrefu, na bado ninatembea kwa miguu yangu miwili. Kwa hilo namshukuru Mungu kwanza, kisha mke wangu, kisha Mama Maabara. Lakini kuna neno moja nililomwambia ambalo halikuwa kweli, na kwa ajili ya neno hilo alibeba kwa miaka sita mzigo ambao ulikuwa wangu. Siwezi kumshukuru sawasawa bila kulisema, kwa hiyo nitalisema mahali pake.

Neno alilopenda kuliko yote lilikuwa "Umepima?" Alilitumia kwa kila jambo. Jirani akilalamika kwamba mke wake anajaza chumvi kwenye mboga, yeye huuliza, "Umepima?" Mtu akisema mvua ya mwaka huu imezidi ya mwaka jana, "Umepima?" Siku moja nilimwambia kwa masikitiko kwamba imani ya watu siku hizi imepungua. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa.

"Umepima, Baba Katekista?"

"Imani haipimwi, mama."

"Basi sema inakuuma tu. Usiseme imepungua."

Nilikwenda nyumbani nimenuna. Lakini Jumapili iliyofuata, nilipotaka kuwakaripia watu kanisani kwa maneno yaleyale, ulimi ulikuwa mzito.

Bustani ilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mteremko. Alikuwa na milonge miwili, rozela, mchaichai, uwatu alioupanda kwenye makopo, na uzio mzima uliotawaliwa na karela, lile tango chungu lenye ngozi ya vinundu kama mgongo wa mamba. Watu wenye sukari na watu walioambiwa wana lehemu, yaani mafuta yaliyozidi kwenye damu, walikuja kuomba majani. Hakuyauza. Alisema alianza kuyapanda kwa sababu tangu enzi za dirishani watu walikuwa wakimletea majani kwenye mifuko na kumuuliza kama yanafaa, naye hakuwa na jibu, na kukaa bila jibu kulimkera.

Masharti yake yalikuwa matatu. Usiache vidonge vya hospitali. Mwambie daktari wako unakunywa nini. Na uje upimwe, kabla na baada, kwa wiki nne. Asiyekubali hakupewa hata jani moja. Nimemwona akimrudisha mwanamke mmoja mkubwa, mwenye gari, ambaye alitaka tu achume na kuondoka.

"Majani si ya siri, mama," yule mwanamke alisema. "Hata kwetu yapo."

"Basi kachume kwenu," akajibu. "Ya hapa yana shule."

Majani yalipimwa kwa kifuniko cha kopo la dawa ya viatu, kimoja kilekile kwa watu wote. Zamani alisema "kiganja kimoja", mpaka alipogundua kwamba kiganja cha fundi mwashi si kiganja cha mwanafunzi. Maji vikombe viwili, yachemke hadi kibaki kimoja. Vikombe navyo aliviangalia. Ukija na kikombe cha bati cha shamba alikurudisha ukachukue cha chai. Kila kitu kiliingia kwenye daftari la mistari: jina, tarehe, aina ya majani, kipimo cha kwanza, kipimo cha pili. Alikuwa na mashine ndogo ya sukari, na kila mtu alikuja na vijiti vyake vya kupimia. Lehemu hakuweza kuipima nyumbani. Kwa hilo aliwatuma watu hospitalini, na wengi hawakwenda, na mbele ya majina yao aliandika "Hajui".

Ukimuuliza kama karela inashusha sukari, alijibu hivi kila mara: "Kwa wengine inashuka kidogo. Kwa wengine hapana. Kwa wengine sijui." Watu hawakupenda jibu hilo. Walitaka aseme inaponya.

Kuna mkulima mmoja wa tumbaku kutoka Lusewa aliyekuja na furaha kubwa. Hospitali walikuwa wamemwambia mafuta kwenye damu yake yameshuka, na alisadiki ni mlonge. Alimletea jogoo wa shukrani, amemfunga miguu kwa kamba ya katani.

"Hongera," Mama Maabara alisema. "Na ulifanya nini kingine?"

"Hakuna, mama. Mlonge tu."

"Ile pikipiki yako iko wapi?"

"Iliharibika tangu kupanda. Nakwenda shamba kwa baiskeli."

"Kila siku?"

"Kila siku, kwenda na kurudi."

"Na kitimoto?"

Yule bwana akaangalia chini. "Mke wangu alikataa kupika tangu daktari aliposema."

"Kwa hiyo umeacha nguruwe mwenye mafuta, unapanda baiskeli kila siku, na unakunywa mlonge. Nani kati ya hao watatu apewe jogoo?"

Alifikiri kidogo. "Mlonge, mama. Baiskeli imenichosha tu."

Mama Maabara alicheka mpaka akajishika kiuno. Jogoo alimkataa, akamwambia ampelekee mke wake. Kisha akaandika kwenye daftari, nami nilisoma pembeni yake: "Imeshuka. Sababu tatu. Haijulikani."

Alikuwa na hadithi moja aliyoisimulia kwa kila mgeni wa lehemu. Katika maabara, damu ikizungushwa kwenye mashine, sehemu nzito hutuama chini na juu hubaki maji ya manjano maangavu. Asubuhi moja alitoa kijichupa, akakuta yale maji ni meupe kama tui la nazi. Alishtuka, akadhani mtu huyo hana siku nyingi. Alikwenda kumtafuta kwenye benchi.

"Umekula?" akamuuliza.

"Nimekula maandazi sita na supu, sista. Foleni yenu ni ndefu."

Tangu siku hiyo, alisema, hakuwahi kumchoma mtu yeyote kidole pale maabara kabla ya kumuuliza swali hilo. Umekula? Lilikuwa swali la dirishani. Aliliuliza kwa Kiswahili, kwa Kiyao, na kwa Kingoni chake cha kuokoteza ambacho wazee walikicheka. Bila jibu la swali hilo, alisema, tarakimu ni mapambo.

Naomba msomaji aikumbuke habari hiyo.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Aliwahubiria watu juu ya sukari huku akinywa chai ya vijiko vitatu, akikoroga polepole mbele yao. Nikimwangalia alisema, "Mimi sina ugonjwa wenu." Alikuwa Mwislamu asiyekosa sala, lakini kwa kufanya kazi na masista miaka yote hiyo alizijua nyimbo zetu kuliko wanakwaya wengine, na akichuma majani utamsikia anavumisha wimbo wa Majilio mwezi wa sita, kwenye baridi. Alichukia dawa za uongo, lakini kwenye rafu yake, pale pa heshima, aliweka chupa moja ya uongo mtupu.

Chupa hiyo aliinunua kwa kijana mmoja aliyekuwa na kipaza sauti karibu na soko, akitangaza dawa ya mitishamba inayoosha mafuta ya damu, inayoshusha sukari na kuamsha nguvu za kiume, yote kwa kijiko kimoja asubuhi na jioni. Mke wangu na mimi tulikuwepo.

"Umepima?" Mama Maabara akamuuliza.

"Bibi, watu wametoa ushuhuda!"

"Nimeuliza kama umepima. Mashine ninayo hapa kwenye mkoba. Kunywa wewe, nikupime."

Watu wakaanza kucheka. Kijana akateremsha sauti. "Shikamoo bibi. Tafadhali usinifungie biashara, nina watoto."

"Marahaba. Nipe chupa moja."

Nyumbani alichukua tone moja, akalizimua kwa maji, akalitia kwenye kijiti cha kupimia. Mashine ilipanda mpaka mwisho wake na kugoma. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho. "Asali," alisema. "Asali nzuri ya miombo, na majani kidogo ya kutia rangi. Dawa ya sukari!" Akaipanga rafuni, akaibandika karatasi iliyoandikwa: NIMEPIMA. Kila aliyekuja akisifu dawa za barabarani alionyeshwa chupa hiyo.

Mzaha wake mkubwa juu yangu ulikuwa mfungo. Kila Kwaresma ilipofika alinisubiri kwenye uzio.

"Ambuje," aliniita, neno la heshima la kwao ambalo akilitumia nilijua kuna jambo, "leo mnafunga?"

"Tunafunga."

"Mmekula nini?"

"Mlo mmoja kamili, na miwili midogo."

"Milo mitatu! Na mnaita mfungo! Sisi tungeiita Jumanne ya kawaida."

Mke wangu alicheka sana. Mimi pia nilicheka, lakini si moyoni. Mtu aliyefundisha dini miaka arobaini anaweza kuvumilia matusi. Mzaha wenye punje ya ukweli humkaa kooni.

Kwaresma ya mwaka mmoja nilikuwa wiki ya tatu ya karela yake. Sikuacha vidonge. Nilipimwa kama alivyotaka, na sukari yangu ilikuwa imeteremka vizuri. Nilifurahi, na furaha ikazaa kiburi. Ijumaa Kuu ilipofika niliamua kufunga kama Waislamu wanavyofunga, bila chochote mdomoni hadi jioni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha wagonjwa kila mwaka kwamba Kanisa haliwadai mfungo. Asubuhi nilimeza kidonge, kwa sababu dawa si chakula. Nikanywa kikombe changu cha karela, kwa sababu nacho nilikihesabu kuwa dawa. Mke wangu alipoweka uji mezani nilimwambia nitakula parokiani baada ya ibada. Parokiani nilisema nimekula nyumbani.

Njia ya Msalaba kwetu hufanyika nje, kupanda kilima. Mvua ilikuwa imenyesha, matope yalishika viatu. Kufikia kituo cha saba jasho lilinitoka, ingawa kulikuwa na upepo. Kituo cha nane sikuweza kusoma maandishi kwenye kitabu. Tulipofika cha tisa, pale ambapo tunakumbuka Bwana wetu kuanguka mara ya tatu, na mimi nikaanguka.

Waumini walidhani ni ibada. Waliniambia baadaye. Walipiga magoti kunizunguka, wakakaa kimya kwa heshima, wakisubiri katekista wao ainuke. Mama mmoja alianza kulia kwa kuguswa. Mke wangu ndiye aliyenigusa shingo, akaona nimelowa na macho yangu hayamfuati mtu.

"Haombi huyu!" alipiga kelele. "Ni sukari! Leteni soda!"

Soda ilipatikana kwenye kibanda chini ya kilima. Aliniinua kichwa, akaninywesha kidogo kidogo, kwa sababu Mama Maabara alikuwa amemfundisha, kisha nikapakiwa kwenye gari la parokia hadi hospitalini, nikatundikiwa dripu.

Jioni Mama Maabara alikuja wodini. Hakuwa na mkoba wala mashine. Alisimama upande wa miguuni wa kitanda, amejifunga mtandio vibaya.

"Sikukuuliza," alisema. "Miaka yote dirishani niliuliza. Nikastaafu, swali nikaliacha kulekule dirishani." Kisha akaliuliza, kwa sauti ya chini kabisa. "Baba Katekista. Leo asubuhi, umekula?"

Mke wangu alikuwa kando ya kitanda. Muuguzi alikuwa anarekebisha dripu. Wanaparokia wawili walisimama mlangoni na rozari mikononi. Nikaona aibu, ya kuwa mwalimu aliyevunja somo lake mwenyewe kwa ajili ya mzaha wa uzioni.

"Nilikula kidogo," nikasema.

Hilo ndilo neno lenyewe. Maneno mawili.

Alikubali kwa kichwa. Niliona kitu kikishuka usoni mwake, na sikukifahamu mpaka baadaye. Kama ningesema ukweli, angejua kwamba nilianguka kwa njaa, kidonge na majani vikiwa pamoja, na kwamba kosa kubwa lilikuwa langu. Kwa kusema nilikula, nilimwambia kwamba majani yake, juu ya kidonge, yanaweza kumwangusha mtu aliyekula. Yaani kila aliyempa majani alikuwa hatarini, kila siku.

Wiki ile ya Pasaka aling'oa karela yote kwenye uzio, akabakiza shina moja tu. Akawatembelea watu wake mmoja mmoja, kwa miguu na kwa bodaboda, mpaka Lusewa, kuwaambia waache majani. "Nilikosea," aliwaambia. "Nilipima nusu." Wengine walimkasirikia. Mmoja alimwambia hospitali imemnunua.

Kisha alifanya jambo ambalo likinijia akilini huwa napiga ishara ya msalaba. Alichukua rula na kalamu nyekundu, akafungua madaftari yake yote ya zamani, na kando ya kila ukurasa akachora safu mpya, nyembamba, yenye kichwa: AMEKULA? Ukurasa kwa ukurasa. Safu hiyo ilibaki tupu, kwa sababu hakuna aliyekumbuka. Siku moja alinionyesha.

"Unaona? Kazi yote hii. Mapambo."

Mstari mmoja tu ulikuwa na jibu. Jina langu, tarehe ya Ijumaa Kuu, na mbele yake kwa wino mwekundu: "Kidogo."

Nilikwenda kuungama. Padre alinisikiliza, akanipa msamaha, akasema, "Sasa nenda ukamwambie huyo mama." Nilisema nitakwenda. Nilikwenda mara nyingi, kwa kweli. Nilikunywa chai yake isiyo na sukari iliyowekwa kwa ajili yangu, tukazungumza juu ya mvua na wajukuu, nikarudi nyumbani na neno langu mfukoni. Miaka sita ilipita hivyo. Mungu ana subira na mimi kuliko ninavyostahili.

Katika miaka hiyo ugonjwa ulimpata naye. Alijipima mwenyewe asubuhi moja kwa kuhisi kiu, akajipima tena kesho yake, akacheka. "Vijiko vitatu vimenikuta," aliniambia. Siku hiyohiyo aliondoa sukari nyumbani, hata ya wageni. Akaanza vidonge. Macho yake yakapungua nguvu, mpwa wake aliyekuwa fundi cherehani akahamia kwake.

Miaka hii ya karibuni Kwaresma na Ramadhani zimekuwa zikikutana. Mara ya mwisho kumwona Songea ilikuwa hivyo, alasiri ya Ijumaa. Nilikuwa na barua ya parokia ya kupeleka mtaa wa pili, nikaona nipite. Mpwa alikuwa sokoni akitafuta vitu vya futari. Nilibisha hodi, sikuitikiwa, nikazunguka nyuma.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na lile shina moja la karela. Daftari lilikuwa mapajani, mashine pembeni, na chupa ya chai miguuni. Kanga ilikuwa imegandana na mgongo kwa jasho. Mkono wenye kalamu ulikuwa unatetemeka.

"Usinishike," alisema kabla sijamfikia. "Bado nusu saa."

"Nusu saa ya nini, mama?"

"Ya kipimo."

Nikaliangalia daftari. Alikuwa ameandika saa na tarakimu tangu alfajiri. Tarakimu za asubuhi zilisimama wima. Za mchana zilikuwa zimeanza kulala. Ya mwisho sikuweza kuisoma. Nikafungua chupa ya chai nikanusa: karela.

"Umekunywa hii?"

"Wakati wa daku. Na kidonge. Halafu nimefunga."

"Mama, kwa nini?"

Alizungumza polepole, kama mtu anayetafuta maneno gizani. "Wewe ulikula ukaanguka. Sikuelewa. Miaka yote sielewi. Nataka nijue asiyekula... inakuwaje. Nikijua tofauti, nitajua kama ni majani."

Huyu mama alikuwa anakufa taratibu mbele yangu akitafuta jibu nililokuwa nalo mimi.

Nilichukua mashine. Vidole vyangu vilijua kazi, yeye ndiye aliyevifundisha. Nilimchoma, nikasubiri. Mbili nukta tatu, na chini ya nne ni hatari.

"Funga imekwisha," nikamwambia.

"Bado Magharibi."

"Mgonjwa ameruhusiwa kufungua. Mimi Mkristo nalijua hilo, wewe hulijui?"

"Leo mimi si mgonjwa. Ni mpimaji."

"Mpimaji akianguka, nani ataandika?"

Nikakimbia ndani, kwa mbio ambazo sikujua bado ninazo. Kopo la sukari halikuwepo. Soda hakuna. Tende zilikuwa kwenye orodha ya mpwa, sokoni. Nikafungua kila kabati la jikoni la mtu aliyejilinda na sukari kwa uaminifu wote. Nikamwomba Mama Maria kwa sauti. Ndipo nikaiona rafuni, chupa ya kipaza sauti, na karatasi yake: NIMEPIMA.

Kizibo kilikuwa kimegandana. Nilikifungua kwa meno. Nilimlisha kijiko kimoja, nikangoja ameze, nikampa kingine. Kwenye kijiko cha tatu alikunja uso.

"Umenipa ile takataka?"

"Ulisema mwenyewe ni asali nzuri."

"Nilisema," alikubali, na kufungua mdomo kwa kijiko cha nne.

Tukasubiri robo saa, kwa sababu ndivyo alivyonifundisha, huwezi kupima upesi. Nilikaa chini kwenye udongo kando ya kigoda, nimemshika kifundo cha mkono. Kutetemeka kulipungua, kisha kukaisha. Nikampima. Nne nukta moja.

"Andika," alisema. Sauti ilikuwa imemrudia.

Niliandika saa, nikaandika tarakimu. Kwenye ile safu nyembamba niliandika "Amekula". Kalamu ilikuwa mkononi na daftari lilikuwa limefunguliwa, na nikaona kwamba nikiondoka pale bila kusema, nitamkuta mara nyingine amelala, haamki.

"Daftari la ile Ijumaa Kuu liko wapi?"

Alinitazama kwa macho yake hafifu. "Sandukuni. La kijani."

Nikalileta. Nikaupata mstari. Nikachora mstari juu ya neno "Kidogo", na pembeni yake nikaandika "Hakula". Kisha nikamwekea daftari mapajani na kidole chake juu ya mahali penyewe.

"Nilikudanganya," nikasema. "Siku ile sikula kitu tangu usiku wa Alhamisi. Nilitaka kufunga kama nyinyi, kwa sababu ya mzaha wako. Nikaona aibu kusema. Hukukosea wewe. Nilikosea mimi, na nimekuacha na kosa langu miaka sita."

Alisogeza daftari karibu na uso, karibu sana, akalisoma neno hilo moja. Nilisubiri anifukuze. Alikuwa na haki.

"Kwa hiyo bado hatujui kama ni majani au njaa," alisema mwishowe.

"Hatujui. Tumeanguka wawili, wote tukiwa na njaa."

"Wawili hawatoshi." Akafunga daftari, akalipangusa jalada kwa upindo wa kanga. "Na hapatakuwa na wa tatu."

"Hapatakuwa."

Kwenye kona ya mdomo wake bado kulikuwa na asali. Akaipangusa kwa kidole, akakilamba, na hapo nikaiona ile sura ya uzioni ikirudi.

"Tangu Alhamisi usiku," alisema. "Kumbe na nyinyi mnafunga kweli, ambuje."

Kisha akaninyooshea mkono nimwinue, tuingie ndani kabla mpwa wake hajarudi na tende.